Kiwiko cha Kiduchu

Kila siku baada ya masomo, Sindano na mdogo wake walipitia kazini kwa mama yao. Mama alikuwa fundi wa kushona nguo. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, pasi, na rafu iliyojaa majora ya vitambaa hadi karibu na dari. Sindano, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama jina alilopewa, alikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Mdogo wake alikuwa na miaka minane, na kwa udogo wa umbo lake kila mtu alimwita Kiduchu. Yeye aliokota vifungo sakafuni na kuvipanga kwa rangi.

Siku hiyo Mama alitoka kumpelekea mteja gauni lake.

"Sindano, niteremshie lile jora la pazia la bluu," alisema akiwa mlangoni. "Kaazime ngazi kwa fundi viatu hapo jirani. Msinipandie meza, nimeshasema mpaka nimechoka."

"Sawa, Mama."

Lakini Sindano alikuwa na kitabu cha hadithi cha kuazima, na mwenye kitabu alikitaka kesho yake. Alitazama rafu, akatazama kurasa zilizobaki, uvivu ukamshinda.

"Kiduchu, wewe ni mwepesi. Panda ulilete."

"Mama kasema tuchukue ngazi."

"Mama hayupo. Au unaogopa?"

Kiduchu hakupenda kuitwa mwoga. Aliweka stuli juu ya meza, akapanda, akajinyoosha, akavuta. Jora lilikuja lote kwa uzito wake. Stuli ikateleza. Kiduchu alinyoosha mkono wa kushoto ili ajikinge, akaangukia kiganja. Sindano alisikia mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjwa.

Kiwiko kilikuwa kimetokeza nyuma, mahali ambapo hakipaswi kuwa. Sindano aliwahi kuona wachezaji wa mpira wakimvuta mwenzao kidole kilichoteguka. Basi naye akashika mkono wa mdogo wake, akauvuta kwa nguvu. Kiduchu alipiga ukelele mpaka sauti ikamkauka.

"Nisikilize," Sindano alinong'ona. "Mama akijua tulipanda meza, tumekwisha. Sema ulijigonga mlangoni. Tafadhali, Kiduchu."

Kiduchu, machozi yakimtiririka, aliitikia kwa kichwa.

Mama aliporudi, alimkuta ameupakata mkono wake kama mtoto mchanga. "Pole, baba. Umefanya nini?"

"Nimejigonga mlangoni."

Mama alimgeukia Sindano. "Mlango tu?"

"Ndiyo, Mama. Alikuwa anakimbia."

Mama aliamini, kwa sababu hakuwahi kuwa na sababu ya kutomwamini binti yake. Kiwiko kilikuwa kimeshavimba, hata umbo lake halikuonekana; alichemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda. Kiduchu aliuma meno. Jioni alimkanda tena, na kesho yake asubuhi na jioni. "Ni mshtuko tu, utapoa," alimbembeleza. Sindano alisikia kila mguno wa mdogo wake. Kila mara alifungua mdomo aseme, kisha akaufunga.

Siku ya tatu mkono wote ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Kiduchu alishindwa kufunga kifungo cha shati. Mama alimfinya kidole cha mwisho.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, Mama."

Mama aliacha nguo kwenye cherehani, sindano bado imo ndani ya kitambaa, wakaenda hospitali wote watatu.

Daktari wa mifupa alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alitundika picha ya eksirei mbele ya taa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Alijigonga mlangoni?" aliuliza.

"Ndiyo, daktari," alijibu Kiduchu haraka.

"Mwanangu, mifupa haijui kusema uongo. Mtu akigongwa na mlango, huumia pale alipogongwa. Lakini akianguka kutoka juu akatanguliza kiganja, nguvu yote hupanda mkononi mpaka ipate pa kutokea. Wengine huvunjika karibu na kiganja, wengine hutoka bega. Wewe kiwiko kimetoka mahali pake, na kipande cha mfupa kimekatika. Tena mshipa wa fahamu unaoelekea vidoleni umebanwa. Nataka kujua ulivyoanguka, ili nijue na pengine pa kutazama."

Kiduchu alimtazama dada yake. Hata sasa hakutaka kumtaja.

Sindano akaangua kilio. "Alianguka kutoka juu ya meza. Mimi ndiye niliyempandisha. Na nilimvuta mkono, nikidhani utarudi. Nikamwambia aseme uongo."

Mama hakugomba. Aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Na mimi nikamkanda," alisema polepole. "Siku tatu nimemkanda mwanangu mfupa uliovunjika."

Sindano angependa kuchapwa kuliko kusikia maneno yale.

Kiduchu alifanyiwa upasuaji, kisha akafungwa plasta. Vidole vyake vilianza kusikia tena, kimoja baada ya kingine. Plasta ilipotolewa, kila mchana Sindano aliketi naye akimhesabia mazoezi aliyofundishwa: kunja, nyoosha, kunja, nyoosha. Mara nyingine walilia wote wawili, na mara nyingine Kiduchu alimtania, "Dada, umeruka kumi na saba. Hesabu zako mbaya kuliko mkono wangu."

Baada ya miezi kadhaa walirudi kwa daktari. Alipima kiwiko, akapima tena.

"Mkono hautauma, na utakuwa na nguvu," alisema. "Lakini hautanyooka zaidi ya hapa. Mngekuja siku ileile, huenda ungenyooka wote."

Nje, Sindano alishindwa kupiga hatua. Mama alimshika bega.

"Mwanangu, kosa la kumpandisha ndugu yako ningekukaripia, likaisha. Kuanguka kwake kulikuwa kwa sekunde moja. Zile siku tatu ndizo zilizotugharimu, na tulizipoteza kwa sababu sikuujua ukweli. Mtu akianguka, usimvute wala usimkande. Mwache asiusogeze mkono, ita mtu mzima, na useme yote hata kama yanakuaibisha. Aibu hupita."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Mwombe na mwenzio."

Sindano alimgeukia mdogo wake. Kabla dada yake hajasema neno, Kiduchu akamnyooshea mkono wa kushoto, kadiri ulivyoweza kufika. Sindano akasogea hatua moja mbele, akaushika.