Namba Moja ya Kanini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Kanini alipitia kwenye pampu ya maji ya kijiji chao huko Kalama. Wenzake walikwenda kuteka. Yeye alikwenda kuisikiliza. Ikikwaruza, alijua washa, kile kipete cha mpira ndani yake, imelika. Spana aliyoitumia ilikuwa ya marehemu baba yake, Ndunda, fundi wa visima aliyefia shimoni mwaka uliopita kwa kukosa hewa. Mama yake, Kamanthe, hakutaka hata kuiona spana hiyo, kwa hiyo Kanini aliificha kwenye mkoba wa vitabu.

Pampu ndiyo iliyomchelewesha siku ile. Alipoingia darasani, Gredi ya Tisa yote ilikuwa imeinamia karatasi. Mwalimu Waithira, mshauri wa taaluma, alikuwa amekwisha kueleza: kila kazi iliyoorodheshwa mwanafunzi aipe namba, kuanzia moja hadi tano, kulingana na anavyoipenda. Kanini alitamani kuuliza, lakini mchelewaji akiuliza, darasa zima humcheka, naye aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa nyuki. Tena, cha kuuliza ni nini? Shuleni, namba moja ndiye bora. "Kutengeneza mashine" akaipa moja. "Kuimba mbele ya watu", jambo lililomtoa jasho, akaipa tano.

Majibu yalitoka baada ya wiki moja. Katika sekondari ya juu, Kanini anafaa mkondo wa masomo ya sanaa na michezo, na mashine ndizo za mwisho kabisa.

"Ai! Tano ndiyo 'napenda sana'!" rafiki yake Carol akamaka. "Mwalimu alisema mara mbili. Enda umwambie."

Kanini alidhamiria kusema. Alipofika nyumbani na kuiona sura ya mama yake, dhamira ikayeyuka.

"Asante Mungu," Kamanthe alisema, ameishika karatasi kwa mikono miwili. "Hiyo spana ilishakula mtu mmoja kwa hii nyumba. Kesho mwalimu akikuja kuchukua sahihi za wazazi, natia yangu."

Moyo ulimuuma Kanini. Lakini angewezaje kumnyang'anya mama yake furaha ya kwanza tangu mazishi?

Kesho yake, Jumamosi, pampu ikagoma. Mwaka uliotangulia ilipoharibika, watu walikunywa maji ya bwawa, na watoto wawili wakazikwa. Kanini alipowaona akina mama wakishika njia ya bwawani na mitungi yao, alisahau karatasi na mkondo. Akachomoa spana.

Mwalimu Waithira alimkuta hapo, grisi hadi viwikoni. Kamanthe alikuwa nyuma ya mwalimu, kalamu mkononi.

"Kanini, hapa umeandika mashine huzitaki kabisa. Hiki ninachokiona ni nini?"

Kanini alilia kwanza, ndipo akasema. "Nilichelewa, mwalimu. Nilidhani moja ndiyo bora, nikaogopa kuuliza. Halafu nikajua nimekosea, nikanyamaza."

"Ulinyamazia nini?"

"Mama alikuwa amefurahi."

Kamanthe akaketi chini, palepale kwenye tope, na leso yake safi.

"Sijawahi kukuambia vile baba yako alikufa," alisema. "Wenzake waliniambia. Asubuhi hiyo waliteremsha mshumaa kwa kisima, ukazima. Aliona. Alijua hewa ni mbaya. Lakini watu walikuwa wamesimama wanangoja maji, akaona haya kusema anaogopa. Akaingia." Alijipangusa uso. "Nimelaumu spana mwaka mzima. Spana haikumuua. Ni kunyamaza kulimuua, mwana wakwa."

Mwalimu Waithira alitoa karatasi mpya. "Uchaguzi wa mikondo unafungwa Jumatatu," alisema taratibu. "Kanini, karatasi haiwezi kumjua mtu asiyejisema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usipoelewa, uliza. Ukikosea, sema mapema."

Kamanthe aliiweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi kwenye mkondo wa sayansi na teknolojia.

"Uniahidi kitu kimoja," alimwambia bintiye. "Siku mshumaa ukizima, utasema. Hata wakikucheka."

"Nitasema, mama."

Kanini akakaza nati ya mwisho, akaushika mpini. Maji yalitoka ya kahawia kwanza, kisha yakawa safi. Akaenda mbio kuwaita akina mama warudi.