Karai la Saa Sita

Cheka, Hilary. Mwalimu wa sayansi mzima, umekalia kigoda changu, unakunywa chai yangu, shikamoo yenyewe umenipa nusu, halafu unamcheka bibi yako kwa kuweka karai la maji uani kila saa sita mchana. Jana ukalichukua ukaoshea pikipiki. Hukuuliza. Watu wa familia hii hawaulizi. Leo sikuombi uamini. Funga mdomo usikilize.

Babu yako Tluway alikuwa mlinzi wa shamba moja la ngano la serikali, hapa hapa Hanang, na tulikaa nyumba hii hii. Mimi niliwapikia madereva wa kombaini. Ngano ilienea mpaka macho yanachoka. Walikuwa wameilima hata njia ya ng'ombe ya kwenda bwawani, njia ya zamani kuliko matrekta yao yote. Ng'ombe hasomi kibao. Mwaka wa ukame wakapita palepale walipozoea, kumi na moja. Wakakamatwa, wakafungiwa zizini, kufuli langoni, ufunguo kwa babu yako. Wenye ng'ombe wakaenda Katesh kubembeleza ofisini, wakazungushwa huko wiki nzima.

Siku ya kwanza nikamwambia, "Baba Ernestina, wape maji."

"Maji ya lori la boza ni ya mitambo. Meneja amekataza."

"Meneja ndiye anayekaa zizini?"

"Wewe pika."

Na huyo ni mtu wa Nambis, kwa wafugaji. Alikulia nyumba ambayo ng'ombe walilala chini na watoto darini, wakiota joto lao. Mama yake hakumpa mtu uji kabla ng'ombe hawajanyweshwa. Alijua. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Na mimi usinisafishe. Siku tatu nilipita pale na ndoo ya maji ya jikoni kichwani. Wakanifuata ndani ya uzio, hatua kwa hatua, bila kulia. Mbele yao jike la mabaka, pembe moja imevunjika, likilamba mbao pale kivuli cha ndoo kilipopita. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikapita.

Siku ya nne babu yako akaitwa msibani Tumati. Akavaa koti, akaondoka. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Niliwaomba madereva wavunje kufuli. Wakasema tumsubiri mwenye ufunguo. Alikaa huko siku mbili.

Aliporudi, kufuli lilikuwa vilevile. Ndani kulikuwa na mizoga, midomo yote imeelekea langoni. Tukahesabu. Kumi. Tukahesabu tena. Kumi. Jike la mabaka halikuwemo. Nyayo zake zilianzia nje ya lango. Zikaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu.

Kesho yake, saa sita, jua kali, nikasikia kwato uani. Nikatoka. Hapakuwa na kitu. Mtungi wetu wa maji pale mlangoni ulikuwa mkavu, na ndani umelambwa mpaka unang'aa.

Babu yako akashikwa na kiu. Akamaliza ndoo. Akataka nyingine. Tumbo likajaa, midomo ikapasuka.

"Mama Ernestina," akaninong'oneza, "maji hayanifikii."

Ulimi wake ulikuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa.

Siku ya tatu kitanda kilikuwa kitupu. Tulimkuta zizini. Ndani. Amepiga magoti, ulimi ubaoni. Lango limefungwa kwa nje. Ufunguo ulikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa nyumbani, msumarini.

Siku hiyo hiyo nikaweka karai uani. Likanywewa lote. Kwato zikaondoka. Baadaye shamba likafa, wakubwa wakahama, zizi likawa kuni. Mimi nikaachiwa karai. Hata nilipougua nililijaza kwa kutambaa. Haikupita siku, mpaka jana.

Sasa nijibu, mwalimu. Mwanao Letisia ameomba maji mara ngapi tangu asubuhi? Mkeo Juliana amekuja kwangu analia: kikombe cha saba, na midomo ya mtoto inapasuka. Usiniletee habari za malaria. Malaria naijua.

Simama pale mlangoni. Gusa ubao, hapo usawa wa kiuno chako. Umelika, umekuwa laini kama kijiko cha mti. Miaka yote ulidhani ni mikono ya watu. Gusa vizuri. Umeloa, sivyo? Na mvua hatujaiona tangu Pasaka.

Usifute mkono kwenye suruali. Nenda chumbani ukakae na mwanao. Akiomba maji mpe, hata kama hayamfikii, mpe tu. Na hiyo ndoo niletee hapa. Niliwahi kupita nayo siku tatu. Leo sipiti.

Saa sita hiyo. Kaa kimya. Unasikia?

Natoka nikalinyweshe. Mlango naufunga mwenyewe.