Fundi Bati na Chupa Inayojisafisha

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Fundi Bati alitoka nje na kulitazama paa la nyumba yake. Mabati yamekaa sawa. Misumari imenyooka. Mfereji wa ukingoni unapeleka maji ya mvua moja kwa moja kwenye pipa kubwa nyuma ya nyumba. Paa hilo aliliezeka mwenyewe, na mgeni yeyote aliambiwa hivyo hata kabla ya kupewa kiti.

"Kwangu hakuvuji," alipenda kusema. "Hata tone!"

Jina lake la kuzaliwa majirani walishalisahau. Yeye alikuwa Fundi Bati, na jina hilo lilimkaa vizuri.

Kisha ikaja chupa.

Binti yake alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya magari. Alikuwa fundi umeme, mwanamke pekee pale. Alipopata mshahara wa kwanza, alimnunulia baba yake chupa ya maji. Haikuwa chupa ya hivi hivi. Ilikuwa ya chuma, yenye kuta mbili, na maji ya baridi yalibaki baridi humo hata juu ya paa lenye jua kali. Ndani ya kifuniko kulikuwa na taa ndogo ya kuua vijidudu.

"Inajisafisha yenyewe, Baba," binti alisema. "Unafunga kifuniko, unabonyeza hapa, unasubiri alama hii izime."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Fundi Bati aliigeuza chupa mikononi. Machozi yalimlengalenga, akajitia kukohoa. Kesho yake, kazini, hakuna aliyepona na majigambo yake.

"Hii kanunua binti yangu," aliwaambia wenzake. "Fundi umeme yule."

"Na kuezeka inaweza?" mmoja alimtania.

"Bado. Lakini ikifundishwa, nyinyi mtakosa kazi."

Nyumbani, mkewe alichemsha maji kila siku na kuyaweka kwenye jagi lenye kifuniko. Hapo ndipo Fundi Bati alipaswa kujaza chupa yake. Lakini aliwaza, maji ya kuchemsha ya nini tena? Chupa si inajisafisha? Basi akaanza kupita nyuma ya nyumba na kuchota pipani. Yalikuwa maji ya paa lake, na yalimfurahisha kuliko ya jagi.

Kuiosha chupa nako hakukumpitia akilini. Siku nyingine alibebea humo chai ya maziwa, kesho yake akatia maji humo humo.

Kiangazi kikaisha. Mvua za kwanza zikanyesha, pipa likajaa. Maji yalikuwa na rangi ya hudhurungi kidogo, na jani moja lilielea juu. Fundi Bati alilitoa jani kwa kidole, akajaza chupa, akabonyeza kitufe, akaenda zake.

Tumbo lilimshika akiwa juu ya ngazi.

Alirudi nyumbani amejikunja. Aliharisha usiku kucha, na asubuhi miguu ilikuwa haimbebi. Mkewe na binti yake walimpeleka zahanati. Akapewa dawa, na unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi ili kurudisha nguvu.

"Unakunywa maji gani?" muuguzi alimwuliza.

"Ya kwenye chupa," alijibu. Hakudanganya, lakini hakusema yote.

Waliporudi nyumbani, mkewe alikuwa ameshatoa hukumu.

"Ni hiyo chupa! Kabla yake hukuwahi kuumwa tumbo. Itolewe humu ndani."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Uso ulimshuka.

"Nimekuletea ugonjwa, Baba," alisema polepole.

Fundi Bati alijua maji yalitoka wapi. Akisema maji yalitoka pipani, atakuwa amesema kwamba paa lake lina uchafu. Akageukia ukuta na kujifanya amelala, na aibu ilimuuma kuliko tumbo.

Binti hakuitupa chupa. Aliifungua kifuniko akakiunganisha na mita yake ya umeme. Betri ilikuwa imejaa. Taa ilikuwa inapata umeme kama inavyotakiwa.

"Chupa ni nzima," alisema. "Sasa nataka kujua kama inafanya kazi kweli. Kama ni mbovu, nitaitupa kwa mkono wangu."

Akaenda kumwita jirani. Jirani huyo alifanya kazi kwenye maabara ya maji ya mji. Mtaa mzima ulimwita Mama Vipimo, kwa sababu hata sukari ya chai aliisawazisha kwenye kijiko kabla ya kuitia.

Mama Vipimo alikuja na vichupa vidogo vya maabara. Kwanza aliinusa ile chupa ya chuma. Akarudisha kichwa nyuma.

"Mh! Hii imeoshwa lini?"

Mke na binti walimgeukia Fundi Bati.

"Si inajisafisha?" Fundi Bati alijibu kwa sauti ndogo kutoka kitini kwake.

Mama Vipimo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pole, jirani. Nikueleze. Mwanga wa taa hii unaitwa urujuanimno. Upo hata kwenye jua. Unaua vijidudu vilivyo kwenye maji, kweli kabisa. Lakini haukwangui mafuta ya maziwa. Haulambi uchafu. Chupa bado inataka sabuni na brashi, kila siku."

Akauchomoa mpira wa kifuniko kwa ncha ya kijiko. Chini yake kulikuwa na utando mweusi unaoteleza.

"Taa haifiki hapa," alisema. "Mdomo wako unafika."

Mke wa Fundi Bati alifumba macho. "Toba!"

"Na maji aliyokunywa yalitoka wapi?" Mama Vipimo aliuliza.

"Ya kuchemsha," mke alidakia. "Nachemsha mwenyewe."

"Basi kosa ni la zawadi yangu," binti alisema. Aliinamisha kichwa, vidole vyake vikisugua mafuta ya gari yaliyoganda kwenye kucha.

Fundi Bati aliviona vidole hivyo. Ndivyo vilivyofanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya chupa ile. Akapiga moyo konde.

"Hayakuwa ya kuchemsha," alisema. "Nilichota pipani. Maji ya paa langu."

Mkewe alimtolea macho. "Ndiyo maana jagi halipungui!"

"Nisamehe, mama watoto. Na wewe mwanangu, zawadi yako haina kosa. Niliona haya kusema paa langu lina uchafu."

Binti aliinua kichwa.

"Tulipime pipa," alisema.

Mama Vipimo alichota maji ya pipani kwa glasi na kuyainua dirishani.

"Jirani, ukiwa unapiga misumari na vumbi limetanda, unaiona?"

"Siioni. Najipiga kidole."

"Taa nayo ni hivyo hivyo. Maji yakiwa na tope, vijidudu vinajificha nyuma ya tope, mwanga unavikosa. Kiangazi chote ndege walitua pale juu na kuacha mavi yao. Mvua ya kwanza imeyasomba yote. Hiyo si aibu ya fundi. Paa lolote duniani liko hivyo."

Akajaza kichupa kimoja maji ya pipa. Cha pili akakijaza maji ya pipa yaliyopigwa mwanga ndani ya chupa ya chuma, vile vile ilivyokuwa na uchafu wake. Kisha akamkabidhi binti kazi iliyobaki.

Binti aliiosha chupa kwa sabuni, akausugua mpira na mdomo wa chupa kwa brashi ndogo, akasuuza kwa maji ya kuchemsha. Maji mengine ya pipa aliyaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa, akarudia mpaka yakawa meupe kwenye glasi. Ndipo akayatia kwenye chupa, akafunga, akabonyeza.

"Usifungue chupa taa ikiwa inawaka," Mama Vipimo alionya. "Mwanga huo unaumiza macho na ngozi."

Maji hayo yakajaza kichupa cha tatu. Kila kichupa kilikuwa na dawa ya kupimia. Kama maji yana vijidudu vya kinyesi, yanageuka meusi. Mama Vipimo aliviweka mahali penye joto kwenye maabara yake, akasema wasubiri.

Fundi Bati alisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto. Siku Mama Vipimo alipoingia na vichupa mkononi, Fundi Bati alisimama kabla hajaambiwa.

Cha kwanza kilikuwa cheusi kama lami. Cha pili nacho kilikuwa cheusi.

Cha tatu hakikubadilika hata kidogo.

"Huyu!" Fundi Bati alipiga kelele akimwonyesha binti yake. "Mmemwona huyu?"

"Tulia, jirani," Mama Vipimo alicheka. "Kipimo kimoja hakitoshi, tutarudia. Na mkumbuke, mwanga hauondoi chumvi wala sumu wala rangi kwenye maji. Tena chupa ikiisha chaji ni chupa tu. Maji mkiyatilia shaka, chemsheni."

"Nachemsha," mke alisema, akimtupia mumewe jicho. "Na jagi nitalitazama."

Wiki hiyo hiyo Fundi Bati alipanda juu ya paa lake. Alisafisha mfereji. Alilifunga pipa kwa kifuniko. Kisha, pamoja na binti yake, alifunga bomba la pembeni lenye kizibo chini. Maji machafu ya mwanzo wa mvua yanajaa kwanza humo, na yanayofuata ndiyo yanayoingia pipani. Mvua ikikatika, wanafungua kizibo na kumwaga. Maji ya pipa yakapimwa tena, na safari hii Fundi Bati aliyapeleka maabara mwenyewe. Yalikuwa safi kuliko zamani, lakini bado ya kuchemsha, na alilisema hilo bila kumung'unya maneno.

Chupa anaenda nayo kazini hadi leo, imejaa maji ya jagi. Jioni anaiosha mwenyewe, mpira na yote. Tumbo halijamsumbua tena. Kila paa analoezeka sasa analifungia bomba la pembeni.

Juzi alikuja mteja mpya. Alilitazama paa, akalitazama bomba, akapendezwa.

"Wewe ndiye Fundi Bati?" aliuliza.

Zamani angejipiga kifua na kuanza na mabati. Safari hii aliigeukia nyumba, ambako binti yake alikuwa anavua viatu vya kazi mlangoni.

"Mimi ni baba yake fundi umeme yule," alisema. "Karibu kiti kwanza. Habari za paa baadaye."