Mnara Ndani ya Beseni la Mama Josée

Kila alasiri, baada ya kutoka shuleni, Abigaël alitakiwa kuosha vyombo. Wiki ile vyombo vilirundikana vikisubiri, kwa sababu beseni kubwa la mama yake, Mama Josée, lilikuwa limegeuka bahari.

Bahari yenyewe hakuna aliyewahi kuiona pale mtaani kwao Manika. Upepo waliujua. Upepo wa kiangazi wa Kolwezi hauna adabu: husimuliwa kwamba uliwahi kumvua shemasi kofia, ukamvisha mbuzi, na mbuzi akaingia kanisani akakaa safu ya mbele. Mwalimu Tshiamala alikuwa ameeleza kwamba katika nchi nyingine upepo wa baharini huzungusha mapanga makubwa juu ya minara na kuzalisha umeme, na umeme huo husafiri ndani ya nyaya za shaba. Kusikia shaba, ile ile inayochimbwa kwao Kolwezi, wanafunzi wakachangamka kama waliopata habari za shangazi yao.

Kila kundi lilitakiwa kusimamisha mnara wake majini, ushikwe na mchanga tu, usiangushwe na mawimbi. Kundi bora lingekwenda Lubumbashi kuona maabara ya chuo kikuu, na Abigaël aliitaka safari hiyo kuliko chakula cha Pasaka.

Yeye na mwenzake Gael walichekecha mchanga ukawa laini kama unga wa bukari, ugali wa kwao, jinsi mafundi wa mtaani wanavyofanya kabla ya kupiga lipu. Kokoto wakazitupa kando ya ukuta. Wakachomeka bomba la plastiki liwe mnara, wakamimina maji, wakasukuma mawimbi kwa kipande cha ubao. Mchanga ukachimbika kwenye mguu wa mnara, mnara ukalala. Wakausimamisha, ukalala tena.

“Tuubandike na gundi chini,” alisema Gael. “Nani atafukua mchanga?”

Abigaël alisita. Kisha akaifikiria Lubumbashi, akaishika gundi mwenyewe.

Ijumaa, shuleni, minara ya wengine ilianguka mmoja baada ya mwingine. Mnara wao ulisimama kama mkwe anayesubiri kukaribishwa. Mgeni wa siku hiyo, Mama Elise, mhandisi mzaliwa wa Kolwezi anayefanya utafiti juu ya minara ya baharini, alipiga magoti kando ya beseni. Alisema angewaandikia watafiti wenzake, ili nao waujaribu mguu wa namna hiyo. Mwalimu akaanza kuwapongeza.

Abigaël akauona uongo wake ukipanda ndege bila yeye. Gael alimkanyaga kidole, lakini Abigaël akasema hivyo hivyo:

“Mama, usiandike. Tulibandika na gundi. Bila gundi unaanguka.”

Darasa likacheka. “Baenjeniere ba gundi,” alisema mwanafunzi mwenzao Ngoyi kutoka nyuma, yaani wahandisi wa gundi. Mwalimu akatamka kwamba kundi hilo limejitoa lenyewe. Mama Elise hakucheka. Alimwomba mwalimu awape nafasi hadi Jumatatu, kisha akamwuliza Abigaël swali moja tu: mnara ulipoanguka, mchanga ulikwenda wapi?

Jumamosi wakaibandua gundi kwa kisu. Gael alikuwa amenuna, ila alikuja. Safari hii Abigaël hakuutazama mnara, aliutazama mchanga. Maji yalizunguka mguu, yakabeba chembe laini, yakaacha shimo. Akawakumbuka wanaoosha madini mtoni: wanatikisa, udongo mwepesi unakwenda na maji, mawe mazito yanabaki.

“Gael, tulitupa bitu bya maana,” alisema. “Zile kokoto.”

Walizirudisha, ndogo chini, kubwa juu, kuuzunguka mguu. Mawimbi yakazisomba za pembeni. Wakaongeza, wakapanua, wakaanza upya. Mama Josée alipodai beseni lake, aliambiwa bahari haijakauka. Akaguna, akaosha vyombo kwenye ndoo.

Jumatatu Ngoyi mwenyewe ndiye aliyesukuma mawimbi, tena bila huruma. Mnara ukasimama. Kabla mtu hajapiga makofi, Abigaël alisema umeinama kidogo upande wa kulia, naye hajui bado kwa nini. Mwalimu Tshiamala alitabasamu, akatangaza kwamba hao ndio watakaokwenda Lubumbashi.

“Hili nitaliandika, pamoja na kule kuinama,” alisema Mama Elise. “Batoto, sikilizeni. Kwenye mnara wa kweli kuna fundi anapanda na vyombo vyake mgongoni. Mnara ukianguka hapa ndani ya beseni, tunajifunza. Tukificha kwamba ulianguka, utaanguka kule, na mtu akiwa juu yake.”

Kisha akampa Abigaël ubao. “Haya, mama, sukuma tena. Tutafute kwa nini unainama.”