Faranga Arobaini za Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Thaddée alitoa faranga arobaini mfukoni. Alizihesabu mara mbili. Halafu alizitia mkononi mwa mkewe, Célestine, na kumtazama usoni.

"Hii ni ya leo," alisema. "Ya leo tu."

"Nimesikia, baba Sabine."

Thaddée alikuwa mbebaji wa mizigo katika bandari ya Kalundu, kando ya ziwa. Alilipwa faranga elfu moja na mia sita kwa mwezi. Hakuwa mlevi, na kazini walimsifu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakumwamini mtu. Ulikuwa mwaka 1964, mwaka wa nne wa uhuru. Bei zilipanda kila wiki. Watu walinong'ona kwamba kuna wapiganaji milimani, na askari waliweka kizuizi barabarani. Jirani alimwogopa jirani. Thaddée yeye alianzia nyumbani kwake.

Mwenzake wa kazi, Gratien, ndiye aliyemwambia: "Mama ya bibi yako iko Luvungi, si ndiyo? Basi mshahara yako inaendaka Luvungi."

Maneno hayo, kwamba mkewe anampelekea mamake pesa, yalimwingia. Tangu siku hiyo hakumpa tena Célestine pesa za mwezi. Alimpa za siku, na jioni alimuuliza imebaki ngapi.

Haikubaki. Célestine alinunua vikombe viwili vya unga wa muhogo, kila kimoja faranga saba. Alinunua mafuta ya mawese ya faranga tano katika chupa ndogo, na chumvi ya faranga moja iliyofungwa katika kipande cha jani. Kisha fungu la ndagala, wale dagaa wa ziwani, makaa kidogo, na kipande cha sabuni. Jioni mkono ulikuwa mtupu. Wanawake wengi wanaosoma habari hii wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi.

Célestine naye alikuwa na mashaka yake. Mume anayeficha pesa, anamfichia nani? Kila alipofua shati la Thaddée, alilinusa kwanza.

Jumatatu moja ya Februari binti yao mkubwa, Sabine, alirudi kutoka shuleni ameinamisha kichwa. "Mwalimu amesema minerval ni faranga mia moja na makumi munane," alisema. "Mwezi wa tatu ukiisha bila kulipa, nafasi yangu itapewa mutoto mwingine."

Minerval ni karo ya shule. Sabine alikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wao aliyejua kusoma.

"Kila siku ninakupa pesa," Thaddée alimwambia mkewe. "Unaipeleka wapi?"

"Mu matumbo yetu."

"Matumbo gani yenye kukula mshahara muzima?"

"Na weye, ingine unaipeleka wapi? Niambie weye kwanza."

Walilala wakipeana mgongo.

Kesho yake Célestine alikwenda kwa Léocadie, jirani yao. Zamani Léocadie alifundisha katika fuaye, nyumba ya mafunzo ya akina mama. Fuaye ilipofungwa, alibaki kushona nguo kibarazani kwake. Kwa sababu alijua kuandika, wengine walisema anawaandikia askari majina ya watu. Célestine aliyasikia maneno hayo. Alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kubisha.

Léocadie alimsikiliza, kisha akachora picha kwenye karatasi: kikombe, chupa, chumvi, samaki, makaa, sabuni, kwa maana Célestine hakujua kusoma.

"Kila faranga ukiitoa, piga mustari moja chini ya picha yake," alisema. "Siku saba. Hapana kuacha hata moja."

Célestine alipiga mistari yake, na karatasi akaificha chini ya mkeka wa kulalia. Hapo alikosea. Siku ya saba Thaddée aliiona.

Aliigeuza juu, akaigeuza chini. Mistari, mistari tupu. Siku zile karatasi isiyoeleweka ilikuwa hatari. Watu walikamatwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Célestine alipomtaja aliyeichora, Thaddée aliivamia nyumba ya Léocadie, mkewe akimfuata nyuma.

"Hii ni hesabu ya nani?" aliuliza. "Askari bakiiona batasema nini? Unamutuma bibi yangu kazi gani?"

Léocadie aliacha kushona. "Ikaa, baba Sabine. Hii ni hesabu ya tumbo yako."

Thaddée hakukaa.

"Weye unajua kuhesabu mizigo," Léocadie aliendelea. "Unga iko faranga kumi na ine kwa siku. Kwa mwezi?"

"Mia ine na makumi mbili."

"Gunia ya unga kule soko ya Sange?"

"Mia mbili na makumi sita. Camion inaomba makumi mbili, muntu na gunia yake."

"Gunia inatoka vikombe ngapi, mama Sabine?"

"Makumi sita," alisema Célestine. "Inatosha mwezi."

Thaddée alihesabu kwa vidole. Mia mbili na themanini badala ya mia nne na ishirini. Faranga mia moja na arobaini zilikuwa zikipotea kwenye unga peke yake.

Wakapiga hesabu ya chumvi. Ya kila siku ilifika faranga thelathini kwa mwezi, na kilo nzima ilikuwa kumi na mbili. Wakaja kwenye mawese. Ya chupa ndogo ilifika mia moja na hamsini, na bidoni, dumu la kutosha mwezi, iliuzwa mia moja.

"Yote pamoja?" aliuliza Léocadie.

Thaddée alijibu polepole. "Mia mbili na munane."

"Minerval ni ngapi?"

Alijua ni ngapi. Sasa akakaa.

"Ile pesa haikuenda Luvungi," Léocadie alisema. "Muntu mwenye kupewa pesa ya siku ananunua ya siku. Na ya siku iko bei kali. Mashaka yako njo inakula minerval ya mutoto."

"Na ndagala," Célestine alidakia. "Siku za giza bavuvi banavua mingi, bei inaanguka. Mwezi ikiangaza, fungu inapanda mara mbili. Ningenunua za giza, nianike, niweke. Lakini na faranga makumi ine nitafanya nini?"

Thaddée alijua habari ya ndagala. Kila mtu wa kando ya ziwa anaijua. Hakuwahi kufikiri kwamba yeye ndiye aliyemfunga mkewe mikono.

"Na weye, baba Sabine?" aliuliza Léocadie. "Chakula inakula elfu moja na mia mbili. Ingine iko wapi?"

"Nyumba, mia mbili na makumi tano. Ingine mia moja na makumi tano ni pombe kidogo na sigara. Ninanunuaka moja moja."

"Hakuna mwanamke?" aliuliza Célestine.

"Mwanamke wa faranga mia moja na makumi tano?" alisema Thaddée. Célestine alicheka, na ulikuwa muda mrefu tangu acheke.

Mwisho wa Februari mshahara ulipotoka, waliugawa mezani wote wawili. Kwanza kodi ya nyumba. Pili chakula cha mwezi mzima. Thaddée akapunguza sigara, na pesa hiyo ikawekwa kwa ajili ya ugonjwa. Kisha akampa Célestine faranga mia tatu aende Sange. Mkono wake haukutaka kuziachia.

Camion, lile lori la Sange, ilipaswa kurudi saa nane. Saa kumi haikuwa imefika. Gratien alipita akasikia habari. "Bibi na mia tatu?" alisema. "Huyo iko Luvungi sasa hivi."

Thaddée alikwenda kusimama barabarani. Nasema kweli, saa ile alimwona mkewe mwizi. Jua lilikuwa linazama camion ilipotokea. Célestine alikuwa juu, amekalia gunia, na nguo yake imejaa unga.

"Ni askari," alisema akishuka. "Banasema gunia nzima ni ya kulisha batu ba mulimani. Bakafungua, bakaingiza mikono, banatafuta risasi. Vikombe bili bimemwangika."

Thaddée alibeba gunia mpaka nyumbani.

Mwezi ule walikula vizuri kuliko miezi yote ya faranga arobaini. Ndagala za giza zilianikwa, zikafika hadi mwezi mpevu. Mwisho wa Machi Thaddée na Célestine walikwenda shuleni pamoja, wakalipa minerval yote, zikabaki faranga ishirini na nane. Sabine hakutolewa darasani hata siku moja.

Njiani kurudi, Thaddée alisema, "Ile siku ya camion, nilifikiri umekimbia na pesa."

"Nilijua," alisema Célestine. "Niliona macho yako."

Walivuka kizuizi cha askari, wakashika njia ya nyumbani.

"Kesho kutwa ni siku ya gunia tena," alisema Célestine. "Tutaenda Sange sisi wawili?"

"Hapana," alijibu Thaddée. "Enda weye. Minye nitabakia na batoto."