Chupa Iliyorudishwa Muleba

Mwaka ule sukari ilipokuwa adimu kama ziara ya askofu kijijini, foleni ya duka la ushirika mjini Bukoba ilizunguka nyumba nzima. Joviana, fundi cherehani wa mtaa wa Bakoba, alisimama humo na gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, likamkaa kiunoni hata watu wakasahau kusogea.

"Dada, unafuata utamu mbele, na utamu uko nyuma yako."

Akageuka. Kijana mrefu, viatu vimejaa tope, debe mkononi, sikio moja limevimba.

"Nyuma naona sikio lililoumwa na nyuki. Utamu uko wapi?"

"Ndani ya debe. Sikio ndiyo bei yake."

Sukari iliisha kabla hawajafika dirishani, lakini Joviana alirudi nyumbani akiimba.

Kijana aliitwa Datius, mfuga nyuki wa kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba. Chupa zake za asali iliyochanganywa na chavua, shingo imefungwa ugwe wa mgomba, zilijulikana hadi mjini. Wafugaji waliwapa ng'ombe waliokataa kushika mimba. Wanawake waliochelewa kupata mtoto walizinunua pia, wakazificha ndani ya khanga.

Mama yake Joviana, Ma Clotilda wa Kibeta, alikuwa na ng'ombe wake Bihogo, mnene, mwenye afya, bila ndama. Datius alimchanganyia asali na chavua, kisha akauliza kwa adabu dume ni la nani. Akaambiwa ni la Ta Rutashobya, dume la heshima, ambalo siku hizo likilala lilihitaji watu wa kuliinua. Datius hakulitukana. Alishauri tu Bihogo apelekwe Kahororo kutembelea dume jingine. Bihogo akashika mimba. Kibeta nzima ikaisifu asali, na Ta Rutashobya akaendelea kulisifu dume lake.

Tangu hapo Datius akawa anapiga simu kutoka Muleba hadi dukani kwa Saburi, jirani wa Joviana, ambaye alijifanya anapima misumari huku masikio yamesimama.

"Malkia wangu umeamkaje?"

"Malkia gani anayebembelezwa mbele ya Saburi?"

"Basi mwambie Saburi naye nampenda."

Lakini kulikuwa na neno ambalo Joviana hakumwambia. Aliwahi kuolewa na karani mmoja, wakakaa miaka mitatu bila mtoto, karani akamrudisha kwao na sanduku lake. Alilificha neno hilo kwa sababu alimpenda Datius, na aliogopa kurudishwa mara ya pili.

Ndipo kondakta wa basi la Muleba akaja barazani kwake, wateja wamejaa, akamkabidhi chupa kutoka kwa Datius. Wanawake wakauona ule ugwe wa mgomba. Wakaanza kukonyezana. Joviana alihisi uso ukiwaka: kumbe Datius amesikia habari za karani, na sasa anamtibu kama mfugo. Akairudisha chupa kwa basi lile lile, na ujumbe mfupi: yeye si Bihogo. Saburi alipomwita kwenye simu, hakwenda tena.

Wiki mbili baadaye Datius akatokea mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi, masikio yote mawili yamevimba, chupa mkononi. Mbele ya wateja wote akafungua, akanywa nusu. Mwanamume anakunywa dawa ile hadharani! Mwamvita, aliyekuja kupimwa blauzi, akaziba mdomo.

"Kwetu asali ya kwanza ya msimu hupelekewa mwanamke unayetaka kumposa," Datius alisema. "Baba alimpelekea mama. Sikuwa na chupa ya aina nyingine, Joviana. Hiyo tu."

Joviana akaweka mkasi chini. Akasema kwa sauti ya kusikika, maana aliyekunywa hadharani alistahili kujibiwa hadharani.

"Niliolewa miaka mitatu. Sikuzaa. Nikarudishwa."

"Huyo bwana naye alikunywa?"

"Alisema si yeye mwenye kasoro."

"Ahaa. Kama Ta Rutashobya."

Wanawake wakaangua kicheko. Joviana hakucheka.

"Na nisipozaa kwako?"

Datius akamtazama.

"Katika mzinga anayezaa ni mmoja, mpenzi. Asali yote hutengenezwa na wasiozaa. Mimi sijawahi kuurudisha mzinga."

Joviana alinyoosha mgongo, akaichukua chupa, akanywa nusu iliyobaki polepole, kila jicho likimwona. Akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge.

"Mwambie baba yako aje Kibeta na lubisi, pombe yake ya ndizi. Asali tumeshakunywa." Kisha akawageukia wateja, kidevu juu. "Na nyie mnaosifu asali ya Bihogo, msisahau. Bihogo alibadilishiwa dume."