Mpangaji Aliyevua Viatu

Fradl alikuwa akimfunua samaki mashavu pale sokoni Mtaa wa Hester, kwa Wayahudi waliohamia Amerika, kuhakikisha hajaoza, alipogongwa mgongoni na mto wa manyoya.

"Samahani, bibi," alisema kijana aliyeubeba, koti limempwaya mabegani. "Natafuta pa kulala."

"Na mto umekuja nao. Umebakiza kitanda tu."

Fradl alimpangisha kochi la jikoni kwake. Jioni wapangaji wengine wakicheza karata chumbani, kijana huyo, Zalmen, alibaki jikoni wakimenya viazi na Fradl.

"Supu ya leo chumvi imezidi," alisema. "Mpishi ana mtu moyoni."

"Kula unyamaze."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kiangazi kilipokwisha, Zalmen alimwomba wafunge ndoa, naye akakubali, isipokuwa neno moja lilimkwama kooni. Mtaani walimwita mjane, naye akawaacha waamini hivyo, maana mjane akiweka wapangaji hasemwi sana. Kumbe mumewe alimpa talaka kulekule Vitebsk, mji aliotoka. Alijiambia atamweleza sikukuu zikipita.

Siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, sinagogini, alichungulia kutoka roshani ya wanawake amwone mpenzi wake. Akamwona anavua viatu. Wanaovua viatu saa ile ni wazao wa makuhani, wanaopanda mbele kuwabariki watu. Na kwa sheria ya dini, kuhani haoi mwanamke aliyeachwa. Hilo Fradl alilijua tangu utotoni.

Jioni ile alimweleza yote. Zalmen akaweka kijiko chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia kuwa u kuhani?"

"Nimezaliwa nao ukuhani, kama pua. Nani hutangaza pua yake? Sikiliza, mpenzi, twende kwa karani wa jiji atuozeshe. Hii Amerika, nani atatuuliza?"

"Na kila sikukuu utakaa chini wenzako wakipanda, kwa kuwa umeoa aliyeachwa?"

"Nitakaa."

"Baba yako alipanda?"

"Baba, na babu."

Fradl alimpenda, tena sana. Ndiyo maana aliufunga ule mto kamba kwa mikono yake mwenyewe, akamfungulia mlango.

Sikukuu ya Vibanda ilipofika, Zalmen alikuwa amehamia kwa mama mwingine mwenye kupangisha, ng'ambo ya daraja, lakini sinagogi hakubadili. Makuhani walivua viatu. Yeye alibaki kwenye benchi, viatu miguuni, macho yameelekea roshani.

Fradl aliinama juu ya mbao za roshani, machozi yakimtiririka, akamwashiria kwa mkono: panda.

Zalmen akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.